Mwaka Tuliosali Bila Padri

Mama Yuliana amezikwa Kamina mwezi uliopita, na mimi nilifika kaburi likiwa limekwisha kufunikwa, kwa sababu treni ya kwetu bado ni ile ile, inaondoka inapotaka na kufika inapojaliwa. Waliobaki kwenye matanga walinikaribisha mkekani, wakanipa bukari, ugali wetu, na samaki wa kukausha kutoka ziwa Kisale, na kwa kuwa wengi wao walikuwa hawajazaliwa wakati wa vita, wakaniuliza kama ni kweli marehemu aliwahi kusalisha misa. Niliwaambia hapana, hakusalisha misa, hakuwahi kujidai padri hata siku moja. Aliongoza ibada tu, mwaka ambao padri hakuwepo. Kijana mmoja akacheka, akasema, "Lakini banasema alifanya misa ya siku muzima, mpaka basoda bakalala." Nikaanza kumsahihisha juu ya askari hao, nikaona maneno ni mengi kuliko pumzi yangu, na kina mama walikuwa wanagonganisha masufuria karibu yetu wakiosha vyombo. Nimerudi nyumbani Likasi, na tangu nirudi sijapata usingizi mzuri, basi naandika.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, mwalimu wa shule ya msingi ya parokia, na nilikuwa nimepanga chumba kwa Mama Yuliana, huko Kamina, nyuma ya kanisa. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha lisilofungika vizuri, na ukuta mmoja uliopakana na jiko, kwa hiyo kila kilichosemwa jikoni nilikisikia kama kimesemwa kwangu. Mama alikuwa mjane, mpishi wa mapadri, na tena kiongozi wa mashirika yote, zile jumuiya ndogo za mitaani zinazokutana kusali nyumba kwa nyumba. Aliishi na mwanawe wa mwisho, Plaside, mpiga ngoma wa korali. Plaside na mimi tulikuwa rika moja. Tulikuwa na maneno yetu, ya kawaida ya vijana, na alikuwa ameniahidi kwamba kiangazi kikipita wazee wake watakwenda kwetu. Mama alijua, ila alijifanya hajui. Akinipakulia bukari alinitilia sombe, majani ya mihogo, nyingi kuliko haki yangu, akasema mwalimu anahitaji nguvu ya kupiga kelele.

Vita vya kwanza vilikuwa vimetupita mbio, askari wakikimbia na wengine wakiingia, na sisi tukafikiri tumekwisha kuvuka. Vya pili vilikuja taratibu, na hicho ndicho kilichotutisha. Abbé Donatien, paroko wetu, alikuwa ameteremka Lubumbashi kupasuliwa ngiri. Alituaga kwa utani, akasema atarudi kabla ya Kwaresima, tusile mbuzi wake. Hakuwa amefikisha hata wiki kitandani, waasi wakachukua miji ya kaskazini, treni zikawekwa chini ya jeshi, na raia hakupanda tena. Ndege za kivita zikaanza kutua kwenye kambi nje ya mji. Zilipita chini juu ya mabati ya kanisa, na watoto wangu darasani walijifunza kunyamaza kabla sijawaambia. Kisha shule yenyewe ikafungwa, kwa sababu watu waliokimbia kutoka upande wa Kabongo walijaa madarasani, wakavunja madawati na kuwasha moto kwa mbao zake. Sikuwalaumu. Palikuwa na baridi.

Katekista wetu, Baba Ngoie, ndiye aliyeachiwa ufunguo wa tabernakulo, kile kisanduku cha altareni kinachotunza hostia, mkate wa komunyo. Aliongoza Jumapili chache, sauti ikimtetemeka kila ndege ilipopita, kisha asubuhi moja nilimsikia jikoni akimwambia Mama Yuliana: "Dada, minyi nakimbiza bajukuu yangu Kabondo-Dianda, ku mashamba. Siwezi kubaki. Shika hii." Nikasikia kitu cha chuma kikiwekwa mezani. Mama akauliza, "Na Yezu, unamwachia nani?" Baba Ngoie akasema, "Weye njo unamupikia mapadri miaka yote. Utajua kumulinda." Akaondoka. Kutoka chumbani kwangu nilisikia Mama akiendelea kukatakata sombe, kisu kikienda upesi kuliko kawaida.

Wazee wa baraza la parokia hawakulipenda jambo hilo. Walikuja siku ya pili yake, wakaketi barazani na kofia zao magotini, na mkubwa wao, Baba Kabamba, akasema mwanamke hawezi kugusa Mwili wa Bwana, heri tufunge kanisa mpaka Abbé arudi. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akautoa ufunguo kwenye mfundo wa kitenge chake na kumnyoshea. "Sawa, baba. Shika weye. Kesho uamuke mbele ya jua, ufungule, ufagie mavi ya popo, umege hostia kidogo-kidogo ienee, kisha uambiye bale bantu ba Kabongo juu ya nini Mungu ananyamaza. Shika." Baba Kabamba aliutazama ufunguo ule. Hakuunyoshea mkono. Akaomba maji ya kunywa, akanywa, wakaondoka, na tangu siku hiyo alikuwa wa kwanza kufika kanisani na wa mwisho kumsalimu.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Nikikumbuka mwaka ule leo, kinachonijia kwanza si vita vyenyewe, ni jinsi kazi za juma zilivyotushika. Tulifua vitambaa vya altare Jumamosi na kuvinyosha kwa pasi ya makaa, wakati korali wakijifunza nyimbo. Katikati ya juma lilikuwa shirika, kila mara nyumba nyingine, na mwenye nyumba akitoa alichonacho, mihogo ya kuchemsha au kinywaji cha munkoyo kwenye ndoo. Ijumaa tulipita Njia ya Msalaba, na wakati ule ule majirani zetu Waislamu walikuwa wanatoka kwenye swala yao. Mzee Sefu, mwenye duka la chumvi na sabuni nyuma tu ya ua wa kanisa, mtu ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka Maniema, alisimama kando ya njia na kofia yake nyeupe mpaka msalaba upite. Kuna vijana waliokuwa wameanza kunong'ona kwamba watu wa Maniema ni ndugu wa waasi, kwamba duka lile lingefaa kuchomwa. Mama aliusikia mnong'ono huo kwenye shirika moja. Jumapili akasimama mbele, akasema bila kupandisha sauti: "Nani alileta chumvi ku bantu banalala mu madarasa? Mwenye kuguza duka ya Mzee Sefu, asikuye kupokea komunyo ku mikono yangu." Yalikwisha hapo. Nilikuwa nawaza kwamba kama tungeacha siku moja tu bila kufua, bila kusali, bila kufagia, jambo fulani baya lingepata njia ya kuingia. Sikumwambia mtu. Baadaye niligundua kwamba kila mtu alikuwa anawaza hivyo hivyo.

Kulikuwa na hofu nyingine, ya ndani, ambayo watu wa nje hawangeielewa. Hostia zilizokuwa tabernakuloni ni zile Abbé alizoziacha, alizokwisha kuzibariki, na hakukuwa na padri wa kubariki nyingine. Mwanzoni Mama alitoa nzima. Alipoona treni haziji akaanza kumega nusu, kisha robo, kisha vipande ambavyo mtu alivihisi ulimini kwa muda mfupi tu, kama chembe ya chumvi. Watu walikuwa wanaongezeka, maana wakimbizi wengi walikuwa Wakatoliki, na kila Jumapili mstari wa komunyo ulifika mlangoni. Nilimsaidia kusoma masomo, kwa hiyo nilisimama karibu naye, nikaona vidole vyake vikipapasa ndani ya siborio, kikombe cha hostia, kutafuta kilichobaki. Nilikuwa namtazama usoni yeye, siyo msalaba. Uso wake ukitulia, najua bado kuna Jumapili nyingine. Siku moja jikoni nilimuuliza, "Mama, zikiisha tutafanya nini?" Alikuwa anageuza bukari. Akasema, "Tutakuwa na njaa pamoya." Kisha akaniambia nilete sahani.

Halafu wakaanza kukamata vijana. Mstari wa mbele ulikuwa umesogea, watu walikuwa wanasema hata Kabongo huenda ikaanguka, na jeshi lilitaka migongo ya kubeba risasi na mikono ya kushika bunduki. Waliwakamata sokoni, wakawakamata kwenye mpira, wakawangoja stesheni. Vijana wakaacha kutembea. Plaside alikuwa analala darini kwa Mzee Sefu, juu ya magunia ya chumvi, akirudi nyumbani kula kwa kupitia tundu la ua. Akifika alinuka chumvi na sabuni. Mama alimwambia asije kanisani, apumzike, ngoma ipigwe na mwingine. Plaside akajibu kwamba hakuna mwingine, na tena askari hawawezi kuingia kanisani, hata wao wana mama zao. Alikuwa anasema hivyo huku akinitazama mimi, nimsaidie kumshawishi. Niliondoa sahani yake. Nilitaka abaki darini, na nilitaka nimwone Jumapili.

Jumapili hiyo mawingu yalikuwa mazito tangu asubuhi. Kanisa lilijaa, vijana wote wa mtaa walikuwa ndani, Plaside naye kwenye ngoma yake, wengine wakiwa wametoka mafichoni kwa ajili ya saa hiyo moja ya juma ambayo waliona ni salama. Nilikuwa nimemaliza somo la kwanza niliposikia magari makubwa yakisimama. Kupitia madirisha tuliona kofia za askari zikizunguka ukuta, taratibu, hadi zikakutana upande wa pili. Mtoto mmoja akaanza kulia, mama yake akamziba mdomo kwa titi. Mama Yuliana aliteremka altareni, akatembea katikati ya mabenchi mpaka mlangoni, nami nikamfuata kwa sababu miguu yangu haikujua pa kwenda kwingine.

Aliyesimama pale alikuwa kapiteni, mtu mrefu, si wa kwetu, ndevu hazijanyolewa na macho mekundu kama mtu aliyesafiri kwenye moshi. Alimsalimu Mama kwa adabu. Akasema, "Mama, minyi niko mukristu. Siwezi kuingiya mu nyumba ya Mungu na bunduki. Mumalize kusali. Mukimaliza, banamuke na bazee barudi kwabo, bavijana babaki. Tunangoja tu." Mama akamuuliza, "Mutangoja mpaka tumalize?" Akasema, "Mpaka mumalize. Njo neno yangu." Mama akamshukuru. Tulipokuwa tunarudi mbele alininong'oneza bila kugeuza kichwa: "Filo, ulisoma ile kipande kidogo. Rudilia. Soma kitabu yote."

Nikasoma. Nilianza mwanzo wa kitabu cha Kutoka, watumwa na matofali yao, na sikuacha. Nilisoma mapigo yote ya Misri, nikasoma mambo ya damu mlangoni, nikasoma bahari, nikasoma hata vipimo vya hema na pazia na vitanzi vyake, ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuvisoma kwa sauti katika kanisa lile. Sauti ilipokauka Baba Kabamba alikuja kunipokea, akavaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akaendelea. Watu waliketi wima. Hakuna aliyeuliza, kufikia sura ya pili au ya tatu kanisa zima lilikuwa limeelewa. Kisha Mama akahubiri, yeye ambaye kila mara alisema maneno matatu na kukaa chini. Alihubiri juu ya kila mtakatifu aliyemjua. Kisha rozari, mafumbo yote, ya furaha, ya uchungu na ya utukufu, kisha litania, kisha nyimbo za Krismasi na za Pasaka zikifuatana. Jua lilipita juu ya paa bila sisi kuliona kwa ajili ya mawingu. Watoto walijikojolea. Wazee walisinzia na kuamshwa. Nilikuwa najiuliza neno la mtu kama yule linadumu kwa muda gani, na ni nani atakayechoka kwanza, sisi au yeye.

Yeye ndiye aliyechoka. Mchana kapiteni aliingia, peke yake, mikono mitupu, akachovya vidole katika maji ya baraka, akaketi kwenye benchi la mwisho. Wimbo ulitaka kukatika, Plaside akaukamata kwa ngoma na kuuinua tena. Mama alimtazama yule mtu, kisha akatutazama sisi. Nadhani aliona kwamba bibi mmoja alikuwa amekwisha kuanguka kwa njaa na kwamba hatungeweza kuendelea hivyo bila kitu, maana alikwenda kufungua tabernakulo. Vilivyobaki ndani ya siborio vilikuwa vumbi na vipande vidogo kama maganda ya mpunga. Mstari ukajipanga. Na katikati ya mstari, nyuma ya wanawake wa Kabongo na mbele ya vijana aliokuja kuwachukua, nikamwona kapiteni anakuja, kofia kwapani.

Nilitamani apitwe. Nasema hivyo bila aibu, hata leo. Nilitamani Mama afunike siborio na kumwambia mbele ya watu wote kwamba hakuna chake pale. Alipofika, Mama alichelewa kidogo, si kwa kusita, alikuwa anatafuta kwa kidole kipande kinachoshikika. Akakipata. "Mwili wa Kristu." Kapiteni akasema "Amina", akarudi kwenye benchi lake, akapiga magoti, akalaza paji la uso kwenye mikono yake. Mama aliendelea mpaka kwa mtu wa mwisho. Kisha akapangusa siborio kwa kidole, akakilamba, na uso wake haukutulia.

Hapo ndipo mvua ilipoanguka, mvua ya kwetu ya mwezi wa kumi na mbili, iliyopiga mabati mpaka hatukusikiana. Askari walikimbilia baraza la shule, mbele ya kanisa. Kutoka pale waliona mlango mkubwa, lakini mlango wa nyuma, wa chumba cha sakristia, ule unaoelekea ua wa Mzee Sefu, hawakuuona. Na kapiteni hakuinua kichwa. Mzee mmoja aliyekuwa karibu naye aliinama, akamsikiliza, akatugeukia na kuweka shavu juu ya kiganja: amelala. Sijui mara ya mwisho mtu yule alilala lini. Mama alikuja pembeni ya korali, akasema neno moja tu, "Muimbe polepole, musiache," kisha akaanza kuwagusa vijana begani, wawili, watatu, akiwasukuma kuelekea sakristia. Huko nje, Mzee Sefu mwenyewe alikuwa amesimama kwenye mvua ameondoa bati la ua, akiwapitisha dukani kwake na kuwatoa upande wa pili, waelekee vijijini. Angepigwa risasi pale pale kama angeonekana. Alikuwa mzee sana.

Tuliimba. Mabenchi yakawa na mapengo kama kinywa cha mzee. Waliobaki walisogeleana ili nafasi isionekane, na wanawake walipandisha sauti mahali pa sauti za wanaume. Kijana wa mwisho wa upande wetu alipotoka nilikwenda kwa Plaside, nikamwambia sikioni, "Toka. Minyi ntapiga." Akanipa ngoma, kweli. Alisimama, nami nikapiga, na mimi katika maisha yangu nilikuwa nimejua kutikisa kayamba tu. Mapigo yakajikwaa. Kule nyuma kapiteni akajigeuza, akashusha pumzi, kichwa chake kikainuka kidogo kutoka mikononi. Plaside alikuwa amekwisha kufika mlango wa sakristia. Alirudi. Hakukimbia, alirudi kwa hatua za kawaida kama mtu aliyesahau kitu, akaweka mikono yake juu ya yangu kwenye ngozi ya ngoma mpaka mapigo yakakaa sawa, kisha akaitoa mikono yangu. Kapiteni akalala tena. "Weye hujue mupigo," aliniambia, akitabasamu. "Mvua bado iko. Nitatoka mwisho." Mama yake alikuwa anatutazama kutoka altareni. Hakusema toka, wala hakusema baki. Nimejaribu kuuelewa uso ule tangu siku hiyo.

Mvua za namna ile hazipungui kidogo-kidogo. Zinakatika kana kwamba mtu amefunga mlango, na ukimya huo ndio uliomwamsha kapiteni, ingawa ngoma ilikuwa bado inapigwa. Alisimama. Alitazama mabenchi, wanawake, wazee, watoto, na mbele kabisa kijana mmoja na ngoma yake. "Mama," akasema, "bavijana beko wapi?" Mama akasema, "Tulimaliza kusali, Kapiteni. Bakarudi kwabo." Nilifikiri ataita askari, nilifikiri tutapigwa. Akapangusa uso kwa kofia. Sauti yake ilikuwa ya kusihi, na hilo liliniogopesha kuliko hasira. "Balinituma, mama. Siwezi kurudi mikono mitupu. Batanifanya nini?" Plaside akafunika ngoma kwa kitambaa chake, vizuri, akakunja pembe. Akasema, "Mama, acha. Nitaenda." Mama Yuliana alivua sweta yake ya kijani, ile ya jikoni, akamvalisha mwanawe, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni kwa sababu mvua ilikuwa imeacha baridi. Ilimbana mabegani. Hivyo ndivyo alivyopanda gari, na sweta ya mwanamke, na mimi nilisimama katika matope hata sikumwita jina.

Askari hawakuwatafuta wengine. Jioni ile ile magari yote yaliitwa kuelekea kaskazini. Vijana waliotoka kwa Mzee Sefu walifika vijijini, na wengi wao wako hai, nimewakuta kwenye matanga wakiwa na vitambi na wajukuu. Mji wetu haukuchukuliwa. Plaside hakurudi, na habari yake haikurudi pia. Tuliuliza majeruhi waliopita, tukauliza walionusurika miaka iliyofuata. Mmoja alisema alimwona mtu mwenye sweta ya kijani akivuka mto, mwingine akasema aliiona sweta hiyo imevaliwa na mtu mwingine. Mimi nilisubiri, kisha nikaacha, nikaolewa na mtu mwema wa Likasi. Mama hakunikasirikia. Alikuja kwenye arusi na akapika.

Lakini ninachotaka kusema ni juu ya Jumapili zilizofuata. Alifungua kanisa kama kawaida. Hatukuwa na komunyo tena, tulisoma Neno tu, tukaimba bila ngoma. Ulipofika wakati wa maombi ya waumini, ambapo kwetu kila mtu anataja kwa sauti wale anaowaombea, kwanza wagonjwa, kisha wasafiri, kisha marehemu, Mama alisema kwenye wasafiri: "Na Plaside." Ilipofika zamu ya marehemu alimtaja mume wake tu. Ilikuwa hivyo Jumapili baada ya Jumapili. Watu walianza kumhurumia, wakasema chini chini kwamba afadhali amwekee matanga, alie, amalize.

Abbé Donatien alirudi mwaka uliofuata, juu ya behewa la mizigo, amekonda, nywele zimekuwa nyeupe. Usiku wa kwanza hakulala kwa kusikiliza habari zetu. Asubuhi ya Jumapili nilikuwa sakristia nakunja vitambaa, nikawasikia yeye na Mama upande wa pili wa kabati. Mama alikuwa anamrudishia ufunguo na kumweleza juu ya kapiteni, kwamba alimpa komunyo huku akijua amekuja kufanya nini. Abbé akauliza taratibu, "Ulikuwa umemsamehe?" Mama akasema, "Apana, baba. Hata leo bado." "Basi juu ya nini ulimupatia?" "Alisimama ku mustari," Mama akasema. "Alikuwa na njaa sawa bengine." Nilimsikia Abbé akivaa kanzu yake.

Wazee wa baraza walikuwa wamekwisha kumnong'oneza juu ya Plaside, na najua alitaka kumfanyia Mama wema, kuufungua mzigo ambao sisi tulikuwa tumeshindwa kuufungua. Misa ilikuwa imejaa kuliko Krismasi. Katika maombi aliwaombea wagonjwa, akawaombea wasafiri, kisha akafika kwa marehemu, akawataja waliofariki wakati hayupo, mmoja mmoja, na mwishoni, kwa sauti ya huruma sana, akasema, "Na mtoto wetu Plaside." Hakuna aliyejibu. Katika benchi la wanawake Mama Yuliana alisimama. Alikuwa mfupi, na kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimelegea upande mmoja. "Abbé, unisamehe," akasema. "Plaside iko mu safari."

Nilimwona Abbé akifumba macho. Wazee waliangalia miguu yao. Alikuwa padri wa miaka mingi, na nadhani hakuwahi kurudi nyuma katikati ya misa maishani mwake. Akafungua macho, akamtazama, akaanza upya. "Kwa ajili ya wote walioko safarini," akasema, "na kwa ajili ya Plaside." Tukajibu, kanisa zima, kwa sauti iliyopita ile tuliyokuwa tumemwitikia kwa jambo lolote lingine asubuhi ile, na Mama Yuliana alibaki amesimama mpaka tulipomaliza kujibu.